Kiti cha Kapteni na Mfalme Asiyekaa Sana

Siku mliyoniaga mlinipa keki, shali nzuri ya sufu, na hotuba ndefu kuliko utumishi wa baadhi yenu. Nashukuru. Lakini katikati ya ile keki, mmoja wenu aliyeanza kazi juzijuzi aliuliza kwa nini kwenye ukumbi wetu wa kulia kuna mtu anayezunguka na jagi na bakuli kuwanawisha wazee mikono, ilhali mabomba yamejaa ukutani. Mwenzake akamjibu kwamba hayo ni mambo ya Kiafrika ya Mama Wakesho, yaani mimi. Nikacheka, nikaendelea kula. Jibu lile ni nusu tu. Nusu iliyobaki inamhusu mfalme mmoja wa Babeli, na kwa kuwa siku hizi sina wa kuniamsha alfajiri, nimekaa niwaandikie.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilianza kwa kuosha sufuria, nimestaafu nikiwa mpishi mkuu, na katikati hapo kuna makaratasi mengi yasiyo na ladha. Niliyoyapenda ni mengine.

Nilikuja Minnesota mwanzoni mwa miaka ya tisini kutoka Wundanyi, huko milima ya Taita, ambako baridi ikizidi mtu huvaa sweta na kulalamika. Nyumba yetu ya wazee hapa Hopkins ilikuwa ndogo kuliko mnavyoijua, na jiko lilikuwa na dirisha moja lililogoma kufunguka. Aliyenipokea ni Dolores, mpishi mkuu wa wakati huo, mama wa Kimarekani mwenye mikono minene na maneno machache. Alinipa aproni. Akanipa ule upawa mrefu wa chuma wenye mpini uliopinda, ambao mpaka leo mnagombania. Kisha akanionyesha kitoroli cha chakula chenye gurudumu linalovuta kushoto. Kitoroli kile hakijawahi kutengenezwa, na msingoje kitengenezwe. Kisukumeni kwa nyonga, kama nilivyofundishwa mimi.

Dolores alinifundisha kwamba sahani hupashwa moto kabla ya kupakuliwa, ukingo wake hufutwa, na kwamba huweki sahani mbele ya mtu bila kumtazama usoni. Kusifu hakukujua. Watu wa huku wakifurahi sana husema jambo si baya, na mimi miezi ile ya mwanzo nilidhani kila ninachopika kinanusurika tu. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna. Ni mpaka siku moja nilipomsikia akisema harusi ya mwanawe haikuwa mbaya, huku machozi yakimtoka, ndipo nikaelewa na nikaanza kulala vizuri.

Jumapili yangu ya kwanza kupakua ukumbini ndiyo iliyonifanya nijulikane nyumba nzima. Nilitoka na kitoroli nikawakuta wazee wameketi, nywele zimechanwa, mikono juu ya meza, na hakuna mtu yeyote aliyewapelekea maji ya kunawa. Jamani, niliona aibu kwa niaba ya nyumba nzima. Watu waliokula chumvi nyingi vile, waletewe chakula na mikono haijaguswa maji? Nikadhani aliyepewa kazi hiyo hakufika. Nikaenda stoo, nikapata beseni moja la rangi ya waridi, jipya, linang'aa, nikajaza jagi maji ya vuguvugu, nikajitupia taulo begani na kuanza kuzunguka, nikianzia kwa bibi niliyemwona ndiye mkubwa kuliko wote.

Yule bibi hakuuliza swali. Alinyoosha mikono, akafumba macho, akaacha maji yapite. Wa pili hivyo hivyo. Nilikuwa nimefika meza ya pili nilipomwona muuguzi wa zamu ananijia, uso umemwiva. Alininyang'anya beseni akaondoka nalo akiwa amelishika mbali na mwili wake. Ndipo nikaelezwa kwamba beseni la rangi ile ni la kuogeshea wagonjwa kitandani, na linaosha sehemu zote za mwili ambazo hamtaki nizitaje kwenye habari za chakula. Lilikuwa jipya, nasema mpaka leo, lakini nani alinisikiliza? Barasa, kijana wa Kibukusu aliyekuwa msaidizi wa wauguzi, alikuwa kwenye korido akaona yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mkurugenzi aliniita ofisini akanikumbusha kwa upole kwamba nyumba ina mabomba. Nikasema ndiyo. Kesho yake mchana, yule bibi mkubwa akakaa mezani, akanyoosha mikono yake miwili mbele, akangoja. Chakula kikawekwa, hakukigusa. Majirani zake nao wakanyoosha. Dolores aliwatazama kupitia kidirisha cha jikoni, akaenda kwenye rafu, akashusha bakuli kubwa la chuma alilokuwa akikandia unga, akanipa. Alisema ofisi imekataza beseni, na hili si beseni. Bakuli hilo ndilo hilo mnalolitumia. Lile bonyeo la pembeni nimelitia mimi.

Sasa niwaambie habari za Kapteni. Jikoni huwajua watu kwa sahani zinazorudi. Kulikuwa na trei moja ya chumbani, upande wa mwisho wa korido, ambayo ilikuwa ikirudi kama ilivyokwenda: supu imeganda, mkate umeumwa pembe. Nikamuuliza Barasa ni ya nani. Akaniambia ni ya Arvid, mzee aliyekuwa nahodha wa boti za mtoni, zile zinazosukuma matishari ya nafaka kwenye Mississippi. Alikuwa na nyumba yake Inver Grove Heights, juu ya ukingo, anaona mto kutoka kitandani. Mikono ilipoanza kutetemeka, nyumba ikauzwa akaletwa kwetu. Mwanzoni alikula ukumbini na wenzake. Kisha siku moja kijiko kilimponyoka, supu ikamrukia mgeni wa mtu mwingine, mgeni akalalamika, na mkurugenzi akaamua mzee awe anakula chumbani kwa muda. Muda huo ulikuwa umekuwa miaka.

Nikaomba nipeleke trei mwenyewe. Nilimkuta ameketi kitandani saa sita mchana na gauni la hospitali, lile la kufungwa kamba mgongoni, anautazama ukuta kwa sababu dirisha lake lilitazama ukuta. Mtu mrefu, mabega ya kubeba mlango. Kumwita Arvid tu, kama wote walivyomwita, ulimi wangu ulikataa, maana ni rika la babu yangu. Nikamwita Kapteni. Alinigeukia polepole, akanitazama muda mrefu, akaniuliza kama nje kuna barafu mtoni. Sikujua. Nilijisikia vibaya kwa kutokujua. Barasa akaniambia baadaye kwamba daktari amesema uzito ukiendelea kushuka, Kapteni atatobolewa tumbo apitishiwe chakula kwa mpira, na mzee mwenyewe amesema heri afe.

Basi mambo yakawa hivyo, sahani inakwenda na inarudi, mpaka mkurugenzi wetu akastaafu, akahamia nchi yenye jua. Kampuni yenye nyumba ikamtuma mtu kutoka Saint Paul akae kwa muda wakati wanatafuta mwingine. Huyo ndiye Rolf.

Nitasema ukweli kuhusu Rolf, maana nampenda. Kazi hakuiweza. Ratiba za shifti alizipanga vibaya mpaka Jumatatu moja tukawa wapishi watatu na muuguzi mmoja. Aliagiza mashuka mara mbili na akasahau chumvi ya kuyeyushia barafu mlangoni, tukawa tunaingia kazini tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Alipenda biskuti za Dolores kupita kiasi na alizificha mfukoni mwa koti. Lakini alikuwa na tabia moja: hakuweza kupita mbele ya mlango uliofungwa bila kuufungua. Wiki yake ya kwanza akaufungua wa Kapteni.

Barasa alikuwa ndani wakati huo, ndiye aliyetusimulia. Rolf alisimama akamtazama mzee na lile gauni, na trei, na ukuta nje ya dirisha. Akauliza swali moja tu. "Huyu bwana ana nguo zake?"

Barasa akasema anazo, zimo kabatini, na hazijaguswa.

"Basi mvalishe," Rolf akasema. "Anakula na mimi."

Mchana ule tulimwona Kapteni anaingia ukumbini ameshikwa mkono na Barasa, amevaa shati la buluu na suruali iliyomzidi kiuno, mkanda umevutwa mpaka tundu la mwisho. Watu waliacha kula. Rolf alimkalisha kwenye kiti cha kichwa cha meza, karibu na dirisha kubwa, akakaa pembeni yake akiwa amefurahi kama mtu aliyeleta zawadi. Nami nikaja na jagi langu. Nilipommiminia Kapteni maji aliiangalia mikono yake kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona. Haikuacha kutetemeka, sitawadanganya.

Kisha ikaja supu ya nyanya. Ole wetu. Kijiko cha kwanza hakikufika. Cha pili kilifika shatini. Wenzake mezani wakajitia hamnazo, wakatazama sahani zao, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Kapteni akakiweka kijiko chini taratibu, akamwambia Barasa amrudishe chumbani. Rolf alibaki na leso mkononi, hajui la kufanya. Wakubwa wa namna ile hutoa amri nzuri. Namna ya kuitimiza huwaachia watu wa jikoni.

Nilirudi kwenye sinki nikiwa na hasira, nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Dolores akaniuliza nina nini. Nikamwambia kwamba kwetu mzee anatetemeka mikono na anakula mbele za watu na hakuna anayejua, kwa sababu hakuna kijiko cha kumwaibisha. Mtu ananawa, anamega ugali, anachovya, basi. Dolores alifuta mikono kwenye aproni. Halafu akafungua friji, akatoa viazi vilivyopondwa, akaanza kukanda.

Alichokuwa akitengeneza ni lefse, mkate mwembamba wa viazi ambao watu wenye asili ya Norwe huku huula wakati wa Krismasi. Mkiutazama mtaona ni nduguye chapati. Dolores alikuwa akiupika mara moja kwa mwaka, na sasa ulikuwa mwezi wa pili. Mimi nikasonga ugali kwa unga wa mahindi wa njano, ule tu uliokuwepo, nikaukaza mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Tukapika nyama ya kusaga ikawa nzito, mchuzi kidogo tu. Kesho yake mchana, meza ya Kapteni nzima haikupata kijiko hata kimoja. Nilizungusha jagi, tukaleta lefse na ugali na nyama, na Dolores akatoka jikoni, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akawaambia wote kwamba hivyo ndivyo kinavyoliwa na asiyetaka kuna mkate mkavu.

Hakuna aliyetaka mkate mkavu. Bibi mkubwa alikunja lefse yake kama sigara. Rolf, masikini, alimega ugali mkubwa kama ngumi, akauchovya, akauinua, na mchuzi ukamteremkia mpaka kwenye kiwiko. Wazee wakavunjika mbavu. Katika kelele zile, Kapteni akachukua lefse kwa mikono miwili, akaifungia nyama ndani, akaipeleka mdomoni. Ilitetemeka njia nzima lakini ilifika. Akala ya pili. Akala ya tatu, akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama na taulo. "Si mbaya," akasema.

Nilikwenda stoo nikalia kati ya magunia ya vitunguu, kwa furaha tupu, nikarudi nikapakua pudingi.

Kuanzia hapo alikula ukumbini kila siku, na meza nyingine zikaanza kudai jagi na lefse, tukapata kazi ya ziada tusiyoiomba. Kapteni akawa anazungumza. Alitusimulia jinsi mto unavyoganda kuanzia kingoni, na jinsi alivyowahi kukwama mchangani na ngano ya nusu ya Minnesota nyuma yake. Hapo nadhani alitia chumvi. Uzito ukapanda. Habari za mpira zikaisha. Mkanda ulirudi nyuma tundu moja, kisha jingine, na Barasa alikuwa akitutangazia jikoni kama matokeo ya mpira wa miguu.

Barasa ndiye aliyeleta mambo ya Babeli. Jumapili alasiri tulikuwa tukikutana nyumbani kwake, kwenye majumba ya zamani ya kupanga hapa Hopkins, Wakenya wachache, chai, mandazi na Biblia. Siku hiyo akatusomea mwisho wa kitabu cha Wafalme. Yekonia mfalme wa Yuda alikaa gerezani Babeli miaka thelathini na saba, tangu enzi za Nebukadreza. Kisha akatawala Evil-merodaki, na mwaka ule ule alioanza akamtoa Yekonia gerezani, akasema naye maneno mema, akambadilisha mavazi ya kifungo, akamweka kwenye kiti cha heshima, na yule mfungwa akala mbele ya mfalme siku zote za maisha yake. Barasa akafunga kitabu akatutazama. Tuliofanya kazi nyumba moja naye tulianza kucheka kabla hajasema neno. Kuanzia siku hiyo, Rolf kwetu akawa Evil-merodaki, na mkurugenzi wa zamani akawa Nebukadreza, ingawa hakuwa mtu mbaya na alinitumia kadi ya Krismasi.

Kitu kimoja Barasa alikiongeza, nikatamani asingekisema. Vitabu vya kale, alisema, vinasimulia kwamba Evil-merodaki hakukaa sana. Shemeji yake alimuua akachukua kiti.

Rolf wetu hakuwa na shemeji mbaya, ila alikuwa na yale mashuka. Mwanzoni mwa kiangazi aliitwa Saint Paul kwa kikao, na hakurudi. Hata kikombe chake kilibaki ofisini. Akaja Bi. Joyce, mkurugenzi kamili, mama nadhifu mwenye macho ya kuona vumbi juu ya kabati. Sina neno baya juu yake. Ndani ya mwezi tulikuwa na ratiba inayosomeka. Lakini alizunguka ukumbini Ijumaa moja mchana akaona wazee wanakula kwa mikono, akaona shati la Kapteni lina madoa, akaona familia moja iliyokuja kukagua nyumba inatazama pia. Jioni ile tukaambiwa kwamba kuanzia Jumatatu vijiko virudi kwa wote, na Arvid apelekewe trei chumbani. Kwa muda.

Kwa muda! Niliposikia neno lile nikamwona tena Kapteni kitandani, gauni limefungwa mgongoni, anauliza ukuta habari za barafu.

Jumapili ile kwa Barasa hatukuimba sana. Dada mmoja akasema ndivyo ilivyo, mfalme mwema akiondoka, na mema yake huondoka naye, na bila shaka Yekonia alirudishwa gerezani siku iliyofuata. Barasa akasema Biblia haimtaji mfalme aliyefuata pale. Mimi si mtu wa kubishana juu ya maandiko, lakini siku hiyo niliweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikamwagika.

"Kitabu kinasema alikula siku zote za maisha yake," nikasema. "Mfalme alikufa, sawa. Lakini kesho yake kuna mtu aliyepakua sahani ya Yekonia akaiweka pale pale. Huyo hakuwa mfalme. Huyo alikuwa mtu wa jikoni."

Wakanitazama. Barasa akatikisa kichwa, akasema hajawahi kusikia tafsiri hiyo, na akasema yeye kesho atamvalisha Kapteni shati la buluu kama kawaida, na mimi nifanye nitakavyofanya.

Jumatatu niliamka roho iko juu. Nilikuwa na barua zangu za uhamiaji ambazo hazijakamilika, na unga wangu ukimwagika pale, sikujua ningesongea wapi mwingine. Nikamweleza Dolores yote, pamoja na Yekonia. Alikuwa anakata vitunguu, hakuinua uso. Aliniambia tu kwamba jiko halina trei ya kwenda mwisho wa korido, na kwamba mtu akiuliza, aulizwe yeye. Kisha akatoa viazi, akaanza kukanda.

Saa sita Kapteni akaingia, akaketi mahali pake, dirisha nyuma yake. Hakuwa na habari yoyote, hatukuwa tumemwambia. Nilikuwa nimeshika jagi tayari, ndipo Bi. Joyce akaingia. Alisimama katikati ya ukumbi, akamwona, akanitazama mimi, akatazama kidirisha cha jikoni ambako Dolores alikuwa amesimama mikono kifuani. Na mimi nikafanya kitu ambacho nililelewa kufanya, kwa sababu akili ilikuwa imenikimbia na mikono ndiyo iliyobaki. Kwetu mgeni akikukuta unanawisha watu, humruki. Nikamwendea na bakuli, nikaliweka chini ya mikono yake, nikangoja.

Mama yule alikuwa ametoka kubeba masanduku ya maji baridi ya wafanyakazi, viganja vimekufa kwa baridi. Sijui alifikiri nini. Akaweka mikono yake mbele, nikamimina maji ya moto kiasi, polepole, kama ninavyowafanyia wazee. Nikamfuta kidole kwa kidole. Alipomaliza kufutwa alikuwa bado amesimama pale, mikono imeinuliwa, safi, haina la kufanya.

Kapteni akavuta kwa mguu kiti kilichokuwa cha Rolf. "Keti, binti," akamwambia. "Ukishanawa hapa, unakula."

Akaketi. Mngefanyaje? Akapewa lefse, Kapteni akamwonyesha namna ya kuikunja, akaikosea, bibi mkubwa akamkunjia upya. Alikula ya kwanza kimya. Alipofika ya pili alikuwa anasikiliza habari za tishari lililokwama, na nikamwona anacheka na mdomo umejaa, amejifunika kwa mkono wenye mchuzi. Habari za trei hazikutajwa mchana ule, wala kesho yake, wala tena. Watu wa huku jambo wakilibadilisha hawatangazi, huacha tu kulisema. Lakini siku iliyofuata alikuja kabla ya wakati, mikono mbele.

Kapteni alikula kwenye meza ile siku zote za maisha yake, nazo zilikuwa nyingi kuliko daktari alivyotarajia. Alipofariki hatukutoa kiti chake. Ni kile cha dirishani ambacho mmeambiwa msikihamishe na hamjaambiwa sababu. Mgeni wa nyumba hukaa hapo.

Bado kuna kisa kimoja, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kilitokea Kapteni akiwa hai bado. Asubuhi moja ya baridi nilifungua mlango wa nyuma wa jiko kumpokea mtu wa mikate, maana wa kawaida alikuwa mgonjwa. Aliyeshuka kwenye gari na makreti mikononi, kofia imefunika masikio, alikuwa Rolf. Baada ya Saint Paul alikuwa amejaribu hiki na kile, na sasa alikuwa akisambaza mikate kuanzia Shakopee hadi kwetu. Aliniambia kazi hii anaiweza, na nilimwamini, kwani makreti yalikuwa kamili. Nikampa kahawa kwenye kikombe chake kile kile, Dolores alikuwa amekihifadhi. Alikigeuzageuza. Aliongea habari za theluji, kisha akauliza huku anaangalia sakafu.

"Na Arvid? Alirudishwa chumbani?"

Nilimshika mkono wa koti nikampitisha katikati ya jiko mpaka mlango wa ukumbi. Ilikuwa wakati wa kifungua kinywa. Kapteni alikuwa kwenye kiti chake, shati la buluu, mkanda kwenye tundu la kawaida, anamweleza Bi. Joyce jinsi mto unavyoganda usiku wa baridi kama ule. Rolf alisimama na kofia mkononi. Alikuwa anataka kurudi nyuma, nikamzuia kwa nyonga, kama kitoroli.

Kapteni akamwona. Akaangalia viti, vyote vilikuwa na watu. Akawaambia wasogee. Wakasogea, Bi. Joyce wa kwanza, kikaletwa kiti kikawekwa kuume kwake, na mzee akakipiga kofi mara mbili. "Umekawia," akamwambia. "Nilikuwekea nafasi. Nawa."

Nikaleta jagi na bakuli. Rolf akakunja mikono ya shati akaiweka mbele yangu, na mikono iliyotetemeka asubuhi ile haikuwa ya Kapteni. Nikaishika kwanza ikatulia, ndipo nikamimina.